Picha za Akilini na Tiba ya Sonona

Mtu akiketi darasani mjini Tunduma, akafumba macho na kuwaza ndimu iliyokatwa vipande viwili, akaivuta harufu yake, kisha akajiona anaiuma, mate humjaa kinywani. Ndimu haipo mezani wala mkononi. Kilichopo ni picha tu, na picha hiyo imejengwa na akili yake mwenyewe. Hata hivyo tezi za mate zimefanya kazi kana kwamba tunda lenyewe limefika.

Jambo hili dogo, ambalo kila msomaji aweza kulijaribu sasa hivi, lina maana kubwa katika saikolojia, yaani elimu ya nafsi. Ikiwa picha ya ndimu yaweza kuleta mate, je, picha ya kushindwa haiwezi kuleta huzuni? Na ikiwa hivyo ndivyo, je, mgonjwa hawezi kuongozwa kujenga picha nyingine itakayompa nguvu ya kuinuka? Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu walivyoyajibu maswali hayo, mahali majibu yao yanapofikia kikomo, na kwa nini tiba ya namna hii, ikiletwa Tunduma, Vwawa au Ileje, yapasa kutumia picha za watu wa huko na siyo picha za nchi za mbali.

Sonona ni nini?

Kusonona ni kuumia moyoni kwa huzuni, na kutoka kitenzi hicho tumepata jina la ugonjwa huu. Lakini si kila huzuni ni sonona. Huzuni ya msiba au ya kufeli mtihani ni jambo la kawaida kwa binadamu, nayo hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona hukaa. Madaktari huitambua pale ambapo mtu, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2, amekuwa na huzuni nzito au amepoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, na pamoja na hayo ana dalili nyingine kadhaa: usingizi kumpotea au kumzidi, chakula kutompendeza, uchovu usio na sababu, kushindwa kutuliza fikra, kujilaumu kupita kiasi, na wakati mwingine kufikiria kifo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Mambo yanayoweza kumtumbukiza mtu humo yanajulikana: kupoteza mtaji, deni, kutengana na jamaa kwa muda mrefu, maradhi yasiyokwisha, kufiwa, na pia urithi wa kimwili katika ukoo. Mkazi wa Mkoa wa Songwe hana haja ya kuelezwa sana mambo hayo. Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo. Wapo madereva walalao mbali na nyumba zao, wafanyabiashara ambao faida ya mwezi mzima yaweza kupotea kwa safari moja, wakulima wa kahawa wa Mbozi wanaotegemea bei wasiyoipanga wao, na wanafunzi waliopanga vyumba mbali na wazazi.

Mtu wa namna hii akiugua, mara nyingi hasemi, "Nina sonona." Husema, "Nina mawazo," au "Mwili umechoka," au "Kichwa hakiachi kuuma." Nchini Zimbabwe Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Kwa hiyo ugonjwa waweza kukaa katikati yetu bila kutajwa. Mwanafunzi aliyekuwa hodari huanza kuketi nyuma, huacha kuandika, huchelewa kila asubuhi. Wenzake humwita mvivu, na pengine huadhibiwa kwa uvivu huo. Kila adhabu humpa ushahidi mpya wa lile analoliamini tayari, kwamba yeye hafai.

Akili huonaje bila macho?

Mwaka 1880 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alichapisha matokeo ya uchunguzi mmoja wa ajabu. Aliwataka watu wakumbuke meza waliyokulia kifungua kinywa asubuhi ile, kisha waeleze picha iliyowajia akilini. Baadhi walisema waliiona kwa rangi zake zote. Wengine waliona ukungu tu. Na wachache walisema hawakuona chochote. Tofauti hiyo ipo hadi leo, nayo si ugonjwa.

Shida ya uchunguzi wa Galton ni kwamba ulitegemea maneno ya watu tu. Picha za akilini haziwezi kuwekwa juu ya mizani. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani walipata njia ya kuzipima kwa saa. Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler waliwaonyesha watu michoro ya maumbo mawili na kuwauliza kama ni umbo moja lililogeuzwa. Walikuta kwamba kadiri umbo lilivyogeuzwa zaidi, ndivyo jibu lilivyochelewa zaidi, kana kwamba mtu alikuwa akilizungusha umbo hilo kichwani mwake. Mwaka 1978 Stephen Kosslyn na wenzake waliwafundisha watu ramani ya kisiwa cha kubuni chenye kibanda, mti, kisima na vitu vingine, kisha wakawataka "watembee" kwa jicho la akili kutoka kitu kimoja hadi kingine. Safari ndefu ilichukua muda mrefu kuliko safari fupi.

Jaribio hili laweza kufanywa shuleni bila gharama. Mwalimu awape wanafunzi ramani ya Tanzania waitazame kwa dakika chache, kisha wafumbe macho. Kila mmoja aweke jicho lake la akili Tunduma, alipeleke polepole hadi Mbeya, na ainue mkono afikapo. Mwenzake apime muda kwa saa. Kisha safari irudiwe, safari hii kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam kwa njia ya reli ya TAZARA. Mwishoni darasa zima lijadili matokeo, pamoja na pingamizi lililotolewa na Zenon Pylyshyn mwaka 1981: huenda watu huchelewa kwa sababu tu wanajua kwamba safari ndefu yapasa kuchukua muda mrefu. Mwanafunzi akitambua uzito wa pingamizi hilo, amejifunza jambo la msingi la sayansi.

Pingamizi hilo lilijibiwa kwa sehemu pale vipimo vilipoacha kutegemea hiari ya mtu. Mwaka 1995 kundi la Kosslyn lilionyesha, kwa kupima mwendo wa damu katika ubongo, kwamba mtu anapowaza picha huku amefumba macho, sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni, ile ile ipokeayo habari kutoka machoni, huchangamka. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Oslo, Bruno Laeng na Unni Sulutvedt, walionyesha kwamba mboni ya jicho hupungua mtu anapowaza mwanga mkali, na hupanuka anapowaza giza. Si rahisi mtu kuiamuru mboni yake kwa hiari. Picha ya akilini, basi, si maneno matupu.

Picha na hisia

Ubongo ukiipokea picha karibu kama unavyoupokea uoni wa kweli, yafaa kutazamia kwamba picha itagusa hisia kuliko maneno. Emily Holmes na Andrew Mathews walilithibitisha jambo hili nchini Uingereza mwaka 2005: watu walioombwa kujenga picha ya matukio mabaya waliingiwa na wasiwasi zaidi kuliko wale waliofikiri maana ya maneno yale yale. Mwaka uliofuata ikaonekana hivyo hivyo kwa matukio mema: waliojenga picha walifurahi zaidi ya waliofikiri kwa maneno.

Tazama sasa hali ya mgonjwa wa sonona. Picha mbaya za siku zilizopita humjia bila kuitwa: siku aliyofukuzwa, siku aliyoaibishwa mbele za watu. Lakini akiambiwa awaze jambo jema la kesho, picha huwa hafifu kama taa iliyoishiwa mafuta. Uchunguzi wa mwaka 2008 uliofanywa na Holmes na wenzake uliwakuta watu wenye huzuni nyingi wakiwa na picha hafifu zaidi za mambo mema yajayo kuliko watu wengine. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "jipe moyo" hakumsaidii sana. Maneno anayasikia, lakini hakuna anachokiona mbele yake.

Chimbuko la tiba

Matumizi ya picha katika tiba yana historia ndefu. Nchini Ufaransa, Robert Desoille alichapisha mwaka 1938 kitabu juu ya njia yake ya kumwongoza mgonjwa katika njozi akiwa macho. Katika miaka ya 1950 daktari Mjerumani Hanscarl Leuner aliipanga kazi hiyo kwa hatua, akiwataka wagonjwa wawaze malisho ya majani, kijito, mlima, nyumba na ukingo wa msitu. Naye Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1958 njia ya kuondoa hofu ambayo mgonjwa, akiwa ametulia, huwaza hatua kwa hatua kitu anachokiogopa, akianzia na kile kinachomtia hofu kidogo.

Siku hizi njia zitumikazo kwa sonona ni tatu hasa. Ya kwanza ni picha ya utulivu, ambayo hupunguza mkazo wa mwili. Ya pili ni picha ya tendo la kesho, ambayo humwandaa mgonjwa kulifanya tendo hilo kweli. Ya tatu ni kuiandika upya picha ya kumbukumbu mbaya: mgonjwa huingia katika kumbukumbu akiwa na mtaalamu, kisha humleta ndani yake mtu wa kumtetea, au hujiona yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima sasa, akimfariji yule mtoto aliyekuwa. Yaliyotokea hayabadiliki, ila maana yake kwa mgonjwa yaweza kubadilika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja mwenye meza ya vitenge sokoni Tunduma amepoteza mtaji, na tangu hapo hatoki nyumbani. Kila jioni humjia picha ya meza yake tupu na majirani wakimcheka. Mnasihi humketisha mahali palipo kimya, humwacha avute pumzi polepole, kisha humwomba achague mahali alipowahi kupata amani. Mama anachagua uwanja wa nyumba ya bibi yake huko Mbozi.

"Mama, hapo ulipo, unaona nini?" auliza mnasihi.

"Naona kahawa imeanikwa kwenye vichanja. Bibi anaigeuza kwa mkono."

"Unasikia nini?"

"Nasikia kuku. Na moshi wa jikoni naunusa."

Mnasihi hamwambii la kuona. Humwuliza tu, naye mgonjwa hujaza picha mwenyewe kwa macho, masikio, pua na ngozi. Akiisha kutulia, huongozwa kwenye tendo moja dogo la kesho asubuhi: anaamka, ananawa uso kwa maji baridi, anafunga kanga, anatembea hadi kwa rafiki yake sokoni, wanapanga naye vitenge kwa nusu saa, anarudi. Hata kikwazo kinawekwa ndani ya picha: jirani anamwuliza, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" naye anajibu, "Nilikuwa naumwa, sasa nimeanza kupata nafuu." Kesho yake hulifanya tendo lenyewe, na juma lifuatalo hueleza lilivyokwenda. Picha isiyofuatwa na tendo haikamilishi tiba.

Ushahidi wasemaje?

Mwanasayansi hapaswi kuipenda njia fulani kwa sababu tu inavutia kuielezea. Mwaka 2009 Chris Brewin na wenzake wa London walitoa habari za wagonjwa 10 wa sonona waliosumbuliwa na kumbukumbu mbaya na kutibiwa kwa kuandika upya picha zao, kwa wastani wa vikao 8 hivi. Wagonjwa 7 walipata nafuu ya dhahiri, nayo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka mmoja. Ni habari njema, lakini watu 10 ni wachache, na hakukuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo.

Mwaka 2015 Simon Blackwell, Holmes na wenzao walichapisha jaribio kubwa zaidi. Katika watu wazima 150 wenye sonona, nusu hivi walifanya mazoezi ya kujenga picha njema kwa wiki 4 kupitia kompyuta, bila mtaalamu wa kuketi nao. Nusu nyingine ya watu hao walipewa mazoezi yanayofanana lakini yasiyo na kiini hicho cha tiba. Mwishoni makundi hayo hayakutofautiana sana kwa ukali wa sonona. Uchambuzi wa ziada ulidokeza tu kwamba hali ya kutofurahia chochote ilipungua kwa waliojenga picha. Mwaka 2019 Fritz Renner na wenzake waliwataka watu 72 wapange shughuli za juma lililofuata. Wale walioongozwa kujiona wakizifanya walipata hamu kubwa zaidi ya kuzifanya.

Tukijumlisha, twaweza kusema hivi: picha za akilini si dawa ya kutosha peke yake. Ni chombo. Hufanya kazi zaidi kikiwa mikononi mwa mtaalamu, ndani ya tiba ya mazungumzo, kikimsukuma mgonjwa kwenye matendo. Na pale ugonjwa unapokuwa mkali, dawa za hospitali hutumika pamoja nacho.

Picha za kwetu

Katika vitabu vingi vya ng'ambo mgonjwa huambiwa ajione amelala ufukweni mwa bahari, au akitembea msituni wakati majani yanapogeuka rangi kabla ya theluji. Kwa mtu ambaye hajapata kuona bahari, maneno hayo hayana picha. Atajitahidi kuwaza kile alichokiona kwenye kalenda ukutani, na kalenda haina harufu wala joto. Ubongo hujenga picha kwa akiba ya yale uliyoyaona, kuyasikia na kuyagusa. Akiba ya mtu wa Songwe ni ukungu wa asubuhi katika milima ya Ileje, upepo wa Ziwa Rukwa, honi ya gari moshi, harufu ya mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu, na ubaridi wa chuma cha Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi kwa aliyewahi kukigusa. Hali kadhalika lugha: aliyebembelezwa kwa Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali huenda akaiona picha kwa wepesi zaidi akiulizwa kwa lugha hiyo.

Kwamba tiba ya nafsi yaweza kutolewa kwa namna ya kwetu, ushahidi upo jirani. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, Paul Bolton na wenzake walifanya jaribio katika vijiji 30, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kutibu, watafiti waliwauliza wanakijiji wenyewe wanauitaje ugonjwa huu na unawazuia kufanya kazi gani. Kisha wenyeji wasio madaktari, waliofundishwa kwa wiki 2, waliongoza vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16. Baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji visivyopata tiba hiyo walikuwa asilimia 54.7. Tiba ile haikuwa ya picha za akilini. Lakini inatufundisha kwamba njia ikitafsiriwa katika maisha ya watu, siyo maneno yake tu, wenyeji waliofundishwa vema wanaweza kuibeba. Kuipima tiba ya picha kwa namna hiyo hapa kwetu ni kazi inayowangoja watafiti, na huenda mmoja wao yuko kidato cha tatu leo.

Tahadhari na wajibu wa mwalimu

Hapana budi kuonya. Zoezi la ndimu na la ramani ni ya darasani. Tiba ya kumbukumbu mbaya siyo. Mwalimu asimfumbishe mwanafunzi macho na kumrudisha katika siku ya msiba au ya kudhulumiwa, kwa maana anaweza kufungua kidonda asichoweza kukifunga. Mtu anayesikia sauti au kuona vitu wasivyoviona wengine asifanyiwe mazoezi haya bila daktari. Wala mgonjwa asiache dawa alizopewa kwa sababu amesoma juu ya picha za akilini.

Lakini yapo mengi ambayo mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuyafanya. Kwanza ni kuona: mtu aliyebadilika kwa zaidi ya wiki 2 aulizwe kwa upole, faraghani, kabla ya kuitwa mvivu. Pili ni kusikiliza bila kuhubiri. Tatu ni kumfikisha panapostahili: kwa mwalimu wa malezi na ushauri, kwa mzazi au mlezi anayeaminika, kisha zahanati au kituo cha afya, ambako aweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe na zaidi ya hapo ikilazimu. Mtu akisema anataka kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi juu ya jambo hilo hakumtii wazo jipya kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sonona hufichwa kuliko maradhi mengi kwa sababu haina jeraha wala homa, na kwa sababu mgonjwa mwenyewe haioni kesho yake. Kazi ya mtaalamu ni kumsaidia aione tena, hata kama ni kipande kidogo tu cha kesho hiyo: maji ya kunawa, kanga, njia ya kwenda sokoni. Kazi yetu sisi wengine ni kuhakikisha kwamba anamfikia mtaalamu huyo mapema, na kwamba akirudi sokoni au darasani anakuta nafasi yake ingali ikimngoja.